Vidole vya mama vimekataa kusomeka: yeye ni nani sasa?

Kijana wa Bahi: Wadau, juzi nimempeleka mama kusajili laini. Kaweka kidole, mashine ikagoma. Kijana wa pale akafuta kioo kwa mkono wa shati, "Mama, bonyeza tena." Vidole vyote kumi, hola! Mama amegonga kokoto tangu sijaanza shule, ncha za vidole zinateleza kama chupa. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi si mimi?" Hoja yangu: mashine ikishindwa, wakubali mashahidi wawili wanaomfahamu.

Dada wa Area C: Pole kwa mama. Mpakeni mafuta mikono, apumzike wiki mbili tatu. Michirizi inatokea ngozi ya ndani, ikilika juu inarudi.

Kijana wa Bahi: Apumzike ale nini? Na nani kakwambia mama yangu hajui mafuta?

Chamwino Damu: Kila likija suala la sisi Wagogo wa Dodoma lazima atokee mtu na mafuta na sabuni. Tumechoka kudharauliwa kwetu wenyewe!

Mzee wa Kondoa: Wanangu, taratibu. Zamani barua ya balozi wa nyumba kumi ilitosha. Balozi alikujua kwa mwendo, hata gizani.

Mpwapwa Juu: Shikamoo mzee, ila hapo hapana. Balozi huyohuyo alimnyima baba yangu barua kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mashine haina kinyongo.

Mzee wa Kondoa: Marahaba. Usiwapake wote matope kwa mmoja.

Mpwapwa Juu: Mmoja? Kwetu bila kuku hupati mhuri!

Chamwino Damu: Kuku mmoja wa balozi au siku tatu za nauli kufuata mashine, bora kipi?

Msomaji: Tuna sheria ya taarifa binafsi ya 2023, someni.

Mpwapwa Juu: Ya 2022. 2023 ndiyo imeanza kutumika. Inaziweka alama za vidole kwenye taarifa nyeti.

Kijana wa Bahi: Inalinda kidole kilichosomeka. Cha mama hakijasomeka.

Dada wa Area C: Nimenyamaza, nasema sasa. Mimi Mgogo wa Mvumi. Usajili wa vidole ulipoanza Mei 2019 nilikuwa nasajili, hadi laini zilipoanza kuzimwa Januari 20, 2020. Nimeshika vidole vya bibi zetu, nimevikanda kwa mafuta ya mgando kimoja kimoja, vingine vikasomeka. Aliyekosa aliondoka analia, nami nikalia. Mnaniita mwenye dharau?

Chamwino Damu: Ungesema mapema.

Mpwapwa Juu: Turudi kwa balozi, mzee hajajibu habari ya kuku.

Kijana wa Bahi: Dada, nisamehe. Hayo mafuta uliyaacha muda gani?

Dada wa Area C: Dakika kumi, kisha futa yaishe kabisa, kioo kikiwa na mafuta hakisomi. Anzeni na vidole vidogo, havishiki jiwe sana. Na mwende asubuhi, kabla hajagusa nyundo.