Sarafu za kopo la bibi: nizioshe, niziuze au niziache?

Binti_Mikindani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Naomba msaada kwa anayezijua sarafu za zamani.

Tunabomoa chumba cha uani hapa Mikindani tukijenge upya kabla msimu wa korosho haujaanza. Jana fundi katelemka darini na kopo la maziwa ya unga, zito, limefungwa kitambaa. Lilikuwa la bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu.

Ndani kuna moja kubwa ya fedha yenye mzungu wa masharubu, kavaa kofia ya chuma ina tai juu yake. Kuna za shaba zenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, zimeandikwa 1890 na 1891. Kuna moja ina mchoro wa mizani. Senti zenye tundu zimejaa, hizo hata mimi nazijua. Halafu, zimefungwa peke yake kwenye pindo la kanga lililokatwa, kuna tatu ndogo nyembamba, nyeusi zenye ukijani. Duara lenyewe halijakaa sawa na moja imepasuka ukingoni. Ukiilaza juani unaona maandishi ya Kiarabu yameinuka pande zote mbili. Hakuna namba wala sura.

Fundi kampigia jamaa yake wa Dar. Huyo anasema zote anachukua kwa laki tatu, ila ile ya fedha kama ni "yenyewe" ni mamilioni, na nitangulize elfu themanini ya kipimo. Mama naye kaloweka sinia lake kwenye ukwaju na anataka hizi azitumbukize humohumo zing'ae. Nimemwomba asubiri mpaka nisikie kwenu.

Kijana_Shangani

Dada, hiyo elfu themanini nunua saruji. Huku kwetu kila mwaka kuna mtu analizwa na habari za rupia ya Mjerumani. Leo ya kipimo, kesho ya kibali, keshokutwa ya mganga wa kuondoa jini anayeilinda. Mjomba wangu wa Masasi aliuza magunia ya korosho kwa ajili ya mpimaji ambaye mpaka leo hajashuka kwenye basi.

Za maandishi siwezi kukusaidia, subiri wazee.

Mwalimu_Masoko

Marahaba, mwanangu. Mimi nimefundisha historia Kilwa Masoko mpaka nikastaafu, na bahari ikitulia nilikuwa nawavusha wanafunzi kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu. Za Mjerumani nitapita mbio, kwa sababu zile tatu ndizo zilizonitoa usingizini.

Ile kubwa ni rupia ya kampuni ya Wajerumani wa Afrika Mashariki, na mwenye masharubu ni Kaiza Wilhelm wa Pili. Geuza nyuma, utaona simba na mnazi. Za shaba zenye tai ni pesa za kampuni hiyohiyo, na 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 Mjerumani akaachana na hesabu hiyo, akaleta heller, 100 kwa rupia. Yenye mizani ni ya Sayyid Barghash wa Unguja, na kama mwaka wake ni 1299 wa Hijria basi ni 1882. Ni hela za watu wa kawaida, zilipita mikononi kwa wingi na bado zipo nyingi. Mamilioni hakuna.

Sasa hizo tatu. Ukubwa wake ni kama kifungo cha koti? Kama ndivyo, na kama maandishi yako pande zote bila tarehe, kwa maelezo yako hizo ni sarafu za masultani wa Kilwa. Bibi yako alikuwa na asili ya Kisiwani au Songo Mnara? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Wakati unatafuta jibu, sikiliza. Kilwa iligonga sarafu zake yenyewe, nyingi za shaba, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara hapakuwa na mji unaofanya hivyo. Upande mmoja wanaandika jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina. Kwenye ile ya al-Hasan bin Sulaiman, "Sulaiman" ya upande huu inaitikiwa na "al-Mannan" ya upande ule. Yaani mtu alikuwa anaenda sokoni kununua samaki na ubeti mkononi. Huyu al-Hasan ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme pale Kisiwani, na ndiye ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu.

Hawakuandika mwaka, na hapo ndipo kazi inapoanza. Ali bin al-Hasan, mwenye sarafu nyingi kuliko wengine, alikuwa akiwekwa na wataalamu kwenye miaka ya 1200 hivi. Ndivyo alivyomweka Neville Chittick aliyechimba Kisiwani. Kisha mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, likatoka fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu za karne ya 11 za Fatimiya, watawala wa Misri. Kwenye zile za fedha jina la Ali bin al-Hasan limo. Dinari za Misri zina miaka, kwa hiyo za kwetu zikapata miaka kwa kulala nazo shimo moja. Sultani akarudishwa nyuma zaidi ya karne nzima. Mtu angezichota zile na kuziuza mojamoja Darajani, tusingejua lolote.

Ndiyo maana nakuuliza habari za bibi kabla ya kukuuliza picha.

Senti_Tundu_Lindi

Mwalimu kaeleza vizuri. Mimi nakusanya sarafu za Mjerumani na za Mwingereza hapa Lindi, na ndoto yangu ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, waliyoigonga Tabora mwaka 1916 vita vimewabana. Sijawahi hata kuishika.

Kwanza, mtoe mama kwenye ukwaju. Ukwaju, ndimu, siki, jivu na mchanga vyote vinakula ngozi ya juu, na ngozi hiyo ndiyo inayobeba maandishi. Kwa hizo ndogo utatoa kipande cha shaba kinachong'aa kisichosomeka. Rupia iliyosuguliwa nayo mkusanyaji anaijua kwa mbali, na bei inaporomoka hapohapo. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji safi yasiyo ya chumvi, kausha kwa kitambaa laini bila kusugua, basi.

Pili, ziangalie kwa jua la asubuhi. Kijani kigumu kilichoshika kama rangi hakina neno. Ukiona poda ya kijani hafifu inayotoka kwenye kidole, hiyo ni chumvi ya bahari inayoila shaba kutoka ndani. Itenge na wenzake, iweke pakavu kabisa. Joto la pwani hii na unyevu wake ni adui. Kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa nailoni.

Ila Mwalimu, nakupinga kidogo. Ukisoma maneno yako mtu ataona wakusanyaji wote ni wezi. John Walker wa British Museum alipoandika juu ya sarafu za masultani wa Kilwa mwaka 1936, alitegemea zilizokwisha kukusanywa na watu. Bila wao angesoma nini?

Mwalimu_Masoko

Angesoma kidogo, nakubali. Lakini majina aliyapata, miaka ilikuja kusumbua wote waliomfuata. Chukua mfano wa Songo Mnara. Miaka ya karibuni wachimbaji wamekuta mamia ya sarafu, fungu moja tu lina zaidi ya 300. Nyingine zilikutwa makaburini, watu waliziacha pale wakizuru wafu wao. Jambo hilo halikuandikwa kwenye sarafu yenyewe hata herufi moja. Limeandikwa na mahali.

Na mahali penyewe panaweza kushangaza. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Tano zilikuwa za Kilwa, nne za Waholanzi. Bahati nzuri alitia alama kwenye ramani. Zilifikaje huko, watu wanabishana mpaka leo, na wanaweza kubishana kwa sababu ya alama ile.

Kuhusu kuuza, binti: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa mali ya kale. Huwezi kukiuza wala kukitoa nchini bila kibali. Rupia, pesa na ya Barghash zimekuja baada ya mwaka huo, kopo hilo ni la urithi wenu, fanyeni mnavyotaka. Hizo tatu hapana. Na huyo wa Dar anajua, ndiyo maana anakuelekeza macho kwenye ile ya fedha huku anasema "zote".

Binti_Mikindani

Asanteni sana. Ukwaju umemwagwa, sinia peke yake ndilo limeng'aa.

Mwalimu, umeniuliza nikamuuliza mama. Bibi alizaliwa Kisiwani, akaolewa huku. Mama anasema tangu akiwa mdogo aliambiwa hizo tatu bibi aliziokota akiwa msichana, akichokoa pweza maji yamekupwa, upande wa chini ya Husuni ambako ukingo unaliwa na bahari. Zote siku moja, mahali pamoja. Kwenye moja mjomba anayesoma Kiarabu ametambua "al-Hasan" na "Sulaiman", mbili zimelika, hazisomeki. Ukubwa ni huohuo wa kifungo.

Yule wa Dar nimemwambia zote tunabaki nazo. Kajibu kwa matusi, nimemfungia namba. Sasa hizo tatu nizipeleke wapi?

Senti_Tundu_Lindi

Chini ya Husuni! Hongera. Zile za tai ukizipiga picha naomba nione mwaka na hali yake, nina pengo la 1891. Nitanunua kwa bei ya halali, na kipimo chake ni bure.

Mwalimu_Masoko

Andika maneno ya mama yako leo, kama alivyoyasema, na umwambie aweke sahihi. Jina la bibi, sehemu, maji kupwa, siku moja. Karatasi hiyo ikae na bahasha.

Kisha njoo nazo Kilwa Masoko, ofisi inayosimamia magofu ipo huku, nitakwenda nawe. Utoe taarifa, zipigwe picha, zipimwe uzito, upewe hati ya kupokelewa. Usimwachie mtu sarafu bila karatasi, hata akiwa na kofia ya serikali. Panda basi la alfajiri la kwenda Dar ushuke Nangurukuru, hapo magari ya Masoko hayakosekani. Uje siku ya kazi, na mama yako aje pia kama miguu inamruhusu, maana maswali watamuuliza yeye.