Baba wa bibi yangu alikwenda Keya hakurudi. Leo karani ananidai cheti chake cha kuzaliwa!

Wakuu, salamu. Nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe mpangilio. Nimetoka sasa hivi kwenye ofisi moja ya serikali huku Kanda ya Ziwa, sitaitaja. Niko kwenye hiace narudi Igoma, Mwanza, nimebanwa kati ya gunia la dagaa na mama mwenye mtoto, naandika kwa kidole kimoja.

Hii ni safari ya saba tangu Februari. Ya saba!

Bibi yangu mzaa mama ana miaka kama 88. Nasema kama, kwa sababu tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake alipangiwa na karani, si unajua wazee wetu. Baba yake alichukuliwa Keya mwaka 1943, bibi meno ya utoto ndiyo yanaanza kung'oka. Kwa vijana wasiojua, Keya ndiyo King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika wa huku kwetu. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia kwenye ile Vita ya Pili ya Dunia, na maelfu yao wakapelekwa mpaka Burma kupigana na Mjapani kwenye misitu na mvua. Mzee wetu hakurudi. Haukuja mwili, haikuja barua.

Kilichobaki ni anachokumbuka bibi. Kila mwezi mama yake alikuwa anatembea kwa miguu hadi bomani Ngudu kuchukua pesa ya mumewe, na yeye nyuma amebeba kibuyu cha maji. Siku moja karani akafungua daftari, akapitisha kidole juu mpaka chini, akalifunga. Wakarudi mikono mitupu. Mama mtu hakusema neno njia nzima. Bibi anaikumbuka siku ile kwa sababu kibuyu kilimponyoka kikapasuka na hakuna aliyemchapa.

Sasa anataka kujua baba yake amelala wapi. Basi. Hatutafuti fidia wala shamba, maana nikianza tu kuuliza watu wanadhani nimenusa hela ya Mwingereza.

Nilianzia kanisani. Mapadri Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa na misheni kusini mwa ziwa tangu miaka ya 1880, na hata kama una ugomvi nao, kuandika waliandika. Katekista wa parokia ile, mzee wa watu, tulisalimiana Kisukuma, ng'wangaluka, pale, akanipa kigoda, akaleta daftari la ndoa limefungwa kwenye kitenge. Kilatini kitupu, wino umegeuka rangi ya chai. Nusu saa tu tukawa tumempata: jina lake, jina la baba yake, kijiji, mashahidi wawili. Nilipiga picha, nikamwekea simu bibi sikioni katekista amsomee. Bibi akayarudia majina ya wale mashahidi kama mtu aliyeonana nao jana.

Tatizo likawa jina. Siliweki hapa, ukoo haujakubaliana, ila lina ng' mwanzoni. Padri kaliandika kivyake, Mwingereza kivyake, na kati ya l na r kila mtu alijichagulia. Msishangae, mji wetu wenyewe, Mwanza, Mjerumani aliuandika Muansa. Halafu Wasukuma hatukuwa na jina la ukoo la kurithishana kama Wazungu. Mtu ni jina lake na la baba yake, ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani, imeisha. Na jina lenyewe linatokana na tukio. Amezaliwa mvua inanyesha, Mabula. Mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata Shija. Hebu nenda wilaya yoyote ya Usukumani ukaite "Mabula!" sokoni uone wangapi watageuka. Kumtafuta mtu wa 1943 kwa jina peke yake ni kama kusimama ufukweni Kirumba unamwita sato mmoja aje.

Nikaingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Iko wazi mtandaoni, bure, saa nane za usiku unatafuta. Nililiandika jina kwa namna sita. Wakatokea wawili, wote wa Tanganyika, majina yanapishana herufi moja.

Wa kwanza ameandikwa kwenye mnara wa Rangoon huko Burma, pale makaburi ya Taukkyan, penye majina karibu 27,000 ya askari wasiojulikana walipozikwa. Wa pili yuko kwenye mnara wa Nairobi na tarehe yake ni 12 Februari 1944. Hiyo tarehe ilinikalisha chini. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache na watu karibu 1,300. Wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mizinga au Keya, bibi hajui tofauti. Kwake mwanamume aliyevaa kaptula ya Mwingereza akaondoka, huyo kaenda Keya.

Kwa hiyo baba yake ama kaachwa kwenye msitu wa Burma, ama yuko chini ya Bahari ya Hindi. Siwezi kumwambia bibi achague.

Kinachowatenganisha hao wawili ni namba ya askari. Na namba ya askari ilikuwa inaandikwa wapi? Kwenye daftari la malipo ya familia zao. Lile lile alilofungua karani wa Ngudu! Makaratasi ya enzi zile yamehamahama, yalipoishia ndiyo hiyo ofisi ninayoilalamikia. Mzee mmoja mstaafu aliniambia kwa kinywa chake: "Madaftari yapo stoo, nimeyapanga mimi."

Safari ya kwanza mapokezi yalikuwa hivi, neno kwa neno:

"Jaza fomu, ambatisha cheti cha kuzaliwa cha mhusika."

"Dada, mhusika kazaliwa kama 1912."

"Basi cheti cha kifo."

"Dada yangu, hicho ndicho ninachokitafuta."

"Sasa mimi nitajuaje kama alikuwepo?"

Nikatoka nje nikanywa maji.

Safari ya pili na ya tatu mwenye ufunguo yuko semina Dodoma. Ya nne wakataka barua ya mtendaji wa kijiji alikozaliwa marehemu. Kijiji gani? Watu wa pale walihamishwa Operesheni Vijiji mwaka 1974, nyumba zikabaki magofu, leo ni shamba la pamba na miti miwili. Mtendaji wa kijiji jirani ni kijana kuliko mimi, aliniangalia kwa huruma akagonga muhuri bila kusoma.

Ya tano nilitoa elfu kumi "ya maji". Ndiyo, nilitoa, nitukaneni. Nikapewa dakika kumi stoo. Bati limetoboka, harufu ya popo inakukaba koo. Madaftari yamefungwa kwa kamba ya katani na yako sakafuni, juu yake wamepanga viti vibovu na mabango ya sherehe iliyopita. Nikamulika kwa simu. Mchwa wamechora njia kwenye majalada kama ramani ya reli. La tatu kutoka chini, mgongoni, kwa mwandiko mzuri kabisa: 1943. Nimeinama kuondoa kiti, sauti mlangoni: "Kaka, muda umekwisha."

Ya sita mwenye ufunguo yuko msibani. Leo, ya saba, naambiwa jengo linakarabatiwa mwezi ujao na "makaratasi yaliyoliwa" yatachomwa.

Yachomwe? Kuna Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kumbukumbu ya serikali haiteketezwi kwa sababu fundi rangi anataka nafasi. Na ikishapita miaka 30 mwananchi ana haki ya kuiona, labda iwe imefungwa kwa sababu maalumu. Sasa daftari la pesa za wake wa askari lina siri gani ya taifa?

Na msiniambie Mzungu naye hakuwaandika wetu. Najua. Ile Tume ya Makaburi ya Vita ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wetu wale waliobeba mizigo ya Mwingereza na Mjerumani wameishia kuwa hesabu tu. Lakini huyu wa bibi ALIANDIKWA. Kitabu kipo, nimekiona kwa macho yangu, kinaliwa.

Mimi nakaa Igoma, makaburi ya MV Bukoba nayapita kila siku. Meli ilizama 21 Mei 1996 na mpaka leo watu wanabishana walikuwemo wangapi, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tungekuwa tumeshajifunza thamani ya daftari, lakini wapi.

Naomba aliyewahi kuandikia Nyaraka za Taifa waje wachukue mafaili yaliyotelekezwa wilayani aniambie barua inaelekezwa kwa nani na nakala zinakwenda wapi. Na kama kuna mtumishi wa ofisi ile anasoma hapa, ndugu yangu, la tatu kutoka chini, kushoto ukiingia. Liweke hata juu ya meza.

Bibi amepiga tukiwa Kisesa, trafiki kasimamisha gari. Haniulizi kama nimempata baba yake. Swali lake ni lile lile kila safari: "Karani kafungua daftari?"

Nimemwambia Jumatatu. Nimeshanunua tochi.