Maonyo ya nukta inayoelea kwenye gfortran: lipi la kushughulikia, lipi la kupuuza?

mkokotozi_dt

Wakuu, habari. Nina programu ya Fortran inayokokotoa usambaaji wa joto, na mwishoni inaita dsyevr ya LAPACK (maktaba ya aljebra ya matrisi) kupata thamani za aigeni za matrisi. Vigeu vyote ni real(dp), dp = kind(1.0d0), yaani biti 64. Nikiikompaili kwa gfortran (kompaila ya Fortran) na `-O2 -Wall -Wextra` napata:

`Warning: Equality comparison for REAL(8) at (1) [-Wcompare-reals]`

Programu inakimbia hadi mwisho na grafu zinapendeza, ila ikifika STOP inachapisha:

`Note: The following floating-point exceptions are signalling: IEEE_INVALID_FLAG IEEE_DIVIDE_BY_ZERO IEEE_UNDERFLOW_FLAG IEEE_DENORMAL`

Nimeshauriwa niweke `-ffpe-summary=none` yaishe. Ni sawa?

sufuri_hasi

Usiiweke bado. Hiyo swichi inanyamazisha ujumbe tu, hesabu inabaki vilevile.

Hayo uliyoyaleta ni mambo mawili tofauti. Onyo la kwanza limetokana na kompaila kusoma msimbo wako, kabla namba yoyote haijakokotolewa. Ujumbe wa pili unatokana na bendera (alama) za prosesa zilizowekwa kwa mujibu wa IEEE 754, kiwango cha hesabu za nukta inayoelea. Bendera ikishapanda haishuki yenyewe, kwa hiyo tukio moja katika hatua ya 3 litaripotiwa mwishoni hata kama hatua milioni zilizofuata zilikuwa safi. Ndiyo maana haikuambii mstari wala mara ngapi.

Kwa uzito, INVALID ndiyo ya kuogopwa: mahali fulani imezaliwa NaN, yaani "si namba" (0/0, kipeuo cha pili cha namba hasi, infiniti kutoa infiniti). DIVIDE_BY_ZERO (kugawa kwa sufuri) na OVERFLOW (jibu kubwa mno) zinafuata. UNDERFLOW na DENORMAL (namba ndogo mno, karibu na sufuri) kwenye usambaaji wa joto ni kawaida kabisa. exp(-x) ya biti 64 inashuka chini ya 2.2e-308 x ikipita takriban 708, na inakuwa sufuri kamili ikipita 745 hivi. Mkia wa mgawanyo wa joto mbali na chanzo lazima ufike huko.

Usidanganywe na grafu kupendeza. NaN ikiingia kwenye `if (sigma > kikomo)` jibu ni uongo siku zote, programu inapita njia nyingine kimyakimya na NaN haionekani popote kwenye matokeo.

Kutafuta mahali penyewe:

`gfortran -g -Og -fbacktrace -ffpe-trap=invalid,zero,overflow ...`

Programu itasimama papo hapo na kutaja mstari. Faili lenye programu kuu ndilo lazima likompailiwe na swichi hiyo. Ukiiweka kwenye moduli peke yake haifanyi kitu. Wala usiongeze underflow au inexact (jibu lililokadiriwa) kwenye orodha: 1.0/3.0 tu inapandisha inexact, hutafika popote.

Kipeuo

Naongezea kuhusu onyo la usawa. Kama ni `if (t == t_mwisho)` huku t ikiongezwa dt kila mzunguko, hiyo ni hitilafu halisi. Jumlisha 0.1 mara kumi kwa biti 64 upate 0.9999999999999999, si 1. Usiitibu kwa kuweka `abs(t - t_mwisho) < 1e-6`, maana kosa linaendelea kukua. Hesabu hatua kwa namba kamili, kisha `t = n*dt`. Lakini kama ni `if (x == 0.0_dp)` kwa ajili ya kukwepa kugawa kwa sufuri, acha ilivyo, ni halali.

Halafu kuna kosa ambalo -Wall halioni kabisa:

`real(dp), parameter :: alfa = 0.1`

Hiyo 0.1 inasomwa kwanza kama biti 32, ndipo inapanuliwa. Thamani yake ni 0.10000000149011612, yaani una tarakimu 8 hivi za kuaminika badala ya 16. Andika `0.1_dp`. Ongeza `-Wconversion-extra` uzione zote. Itapiga kelele nyingi, lakini pitia mara moja.

mkokotozi_dt

Asanteni. Mtego wa `-ffpe-trap` umesimama kwanza kwenye `sqrt(wastani_x2 - wastani_x**2)`. Nimeweka `max(0.0_dp, ...)` ikapita. Sasa inasimama ndani ya LAPACK, funksheni inaitwa ieeeck, ambayo hata sijaiita mimi.

sufuri_hasi

Hiyo max inaficha ugonjwa. Ukitoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, tarakimu za mbele zinafutana na kinachobaki ni takataka ya ukadiriaji, mara chanya, mara hasi. Ilipotoka chanya ndogo ulikuwa unaichukua kama jibu. Pata wastani kwanza, kisha pita tena kwenye safu ukijumlisha `(x - wastani)**2`. Jumla ya vipeo vya pili haiwezi kuwa hasi.

ieeeck si kosa lako. dsyevr kupitia ilaenv (funksheni nyingine ya LAPACK) inataka kujua kama mashine inamudu infiniti na NaN, basi inagawa kwa sufuri makusudi. DIVIDE_BY_ZERO yako pengine yote imetoka hapo. Izungushie hivi:

```
use, intrinsic :: ieee_exceptions
type(ieee_status_type) :: hali
call ieee_get_status(hali)
call ieee_set_halting_mode(ieee_all, .false.)
call dsyevr(...)
call ieee_set_status(hali)
```

Mstari wa mwisho unarudisha bendera na mitego kama vilivyokuwa. Hapo unafuta pia bendera za kweli ambazo dsyevr ingepandisha, kwa hiyo kagua `info` (msimbo wa kosa unaorudishwa na dsyevr) na upitishe matokeo kwenye `ieee_is_finite`.

Kipeuo

Ukaguzi huo usiuunganishe na `-ffast-math`. Swichi hiyo inaiahidi kompaila kwamba NaN na infiniti hazipo, nayo ina ruhusa ya kufuta jaribio zima.

Ukikutana na DIVIDE_BY_ZERO nyingine nje ya LAPACK, tazama mistari kama `if (x /= 0 .and. 1/x > c)` au `merge(0.0_dp, 1/x, x == 0)`. Fortran haiahidi kuishia upande wa kwanza, pande zote mbili zinaweza kukokotolewa. Tenganisha kwa if mbili. INVALID na DIVIDE_BY_ZERO zikishatoweka zikabaki UNDERFLOW na DENORMAL, hapo weka `-ffpe-summary=invalid,zero,overflow` badala ya none.