Jumuiya ya Ásatrú ilidumuje Reykjavík?

Swali: Wenzangu, jumuiya hii ya Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, ilianzishwa mwaka 1972 ili kuhuisha ibada ya miungu ya kale ya Skandinavia. Kwa nini haikusambaratika mwaka 1993, alipofariki Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mshairi aliyeiongoza tangu mwanzo?

Jibu la kwanza: Sheria iliibeba. Serikali ya Iceland iliitambua mwaka 1973, jumuiya ikaweza kufungisha ndoa na kuzika wafu wake, na hupokea ruzuku kwa kila mwanachama aliyesajiliwa.

Jibu la pili: Ruzuku pekee haitoshi, ndugu. Karamu za ibada, ziitwazo blót, hufuata majira ya mwaka, na mkazi wa jiji hurudi pale alipokula na wenzake. Wala si jengo lililowashika: ujenzi wa hekalu kwenye kilima cha Öskjuhlíð, Reykjavík, ulianza mwaka 2015 tu!