Muuza resini wa chupa za maji, usisingizie hewa ya Lamu!

Wadau, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna duka moja Mombasa, jina silitaji, linalowauzia mafundi wa pwani resini (majimaji ya plastiki yanayoganda) ya kumwagia kalamu ikiwa imepunguzwa kutoka kwenye madumu na kutiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Lebo hakuna. Tarehe hakuna. Hujui kama ni epoksi, poliesta au kitu gani. Chupa moja, ya resini, imeandikwa A kwa wino mzito, nyingine, ya hadena (dawa ya kuigandisha), imeandikwa B, basi. Ukilalamika unajibiwa: "Fundi, hiyo ni hewa ya Lamu, huko kuna unyevu mwingi." Jibu hilo limenichosha, na leo nalijibu hadharani kwa sababu si kweli.

Kwa wasioijua kazi hii: natengeneza kalamu za mbao na resini. Nachukua mabaki ya mbambakofi kwenye karakana za milango hapa mjini, na mbao za majahazi makuukuu kutoka Matondoni. Navikausha vizuri, navipanga kwenye kalibu ya silikoni, namwagia resini iliyotiwa rangi, kisha kalibu inaingia kwenye tangi la presha, psi (pauni kwa inchi ya mraba) 40 hadi 60, mpaka resini igande. Presha ndiyo inayobana mapovu yasionekane. Ikishaiva napasua vipande, nakitoboa kila kimoja katikati kwa biti ya milimita 7, nagundisha kibomba cha shaba ndani, ndipo kinakwenda kwenye mashine ya kukereza. Kuna kazi ya siku nyingi kabla chuma hakijagusa resini.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwa mzigo wa mara hii. Nimefunga kipande kwenye mandreli (chuma cha mashine kinachoshika kipande), nimevaa ngao ya uso, bobari ya kukerezea imenolewa, naanzia ukingoni taratibu. Resini iliyoiva hutoa utepe mrefu unaojisokota kwenye bobari. Hii haikukatika, ilivutika. Msuguano ukaipasha moto ikazidi kulainika, bobari ikanasa, kipande kikachanika pale mbao inapokutana na resini, na upande mmoja ukaruka ukagonga ngao mbele ya jicho langu la kulia. Kilichobaki kwenye mandreli ni kibomba cha shaba kilichogandamana na kitu laini kama ubani uliotafunwa. Nikafunga kipande kingine, yakawa yale yale. Mzigo mzima hauna kitu. Na kibomba kikishagundishwa kikaharibika, ile seti yake ya vyuma vya kalamu inakaa bure, maana kila seti huja na vibomba vyake na huku kwetu vibomba vya akiba havipatikani dukani. Mteja wangu wa Shela alikuwa anangoja kalamu hizo. Kachukua zawadi nyingine kwa mtu mwingine, na simlaumu.

Haya, tuje kwenye "hewa ya Lamu".

Joto halizuii epoksi kuganda, linaiharakisha. Kwa makadirio ya mafundi, joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuganda huwa karibu mara mbili. Ndiyo maana sisi huku tunachanganya mapema asubuhi na kumwaga mbio kabla kikombe hakijaanza kuchemka mkononi. Kama hewa yetu ndiyo ingekuwa na kosa, resini ingeniwahi kuganda, isingebaki laini wiki nzima.

Unyevu je? Ndiyo, unyevu huisumbua epoksi, lakini juu tu: huacha utando wa mafutamafuta unaotoka kwa maji na sabuni. Yangu ni laini mpaka kwenye moyo wa kipande. Resini inayochukia maji kwelikweli ni ya poliurethani, nayo ikikuta mbao mbichi hufura na kujaa mapovu. Yangu haina povu hata moja. Poliesta nayo hunata pale inapoguswa na hewa, lakini chini huwa ngumu, na harufu yake haijifichi. Aliyepita karibu na mafundi wa boti za fiba anaijua. Harufu hiyo sikuisikia.

Kinachobaki ni kwamba A na B hazikuumbwa kuwa pamoja. Mzigo wa zamani kutoka duka hilo hilo, A yake ilikuwa nyepesi na angavu. Hii ya sasa ni nzito na ina umanjano. B ni ile ile, na maelezo ni yale yale ya mdomo: mbili kwa moja. Mbili kwa moja ya nini? Kwa ujazo au kwa uzani? Hadena nyingi ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo vipimo hivyo viwili havilingani. Na kila kiwanda kina kiasi chake: wengine moja kwa moja, wengine mbili kwa moja, wengine tatu kwa moja. Huwezi kubadilisha A, ukaacha B na kipimo cha zamani, halafu ukamwambia mteja mbingu za kwao ndizo mbaya.

Lililonichoma zaidi ni ushauri alionipa kwenye simu: "Ongeza B kidogo, itakaza." Huo ni ushauri wa mtu wa poliesta. Kule hadena ni asilimia 1 hadi 2 tu, na ukiongeza kidogo inaganda haraka zaidi (ukizidisha, inapata joto na kupasuka). Kwenye epoksi, B ni sehemu ya mwili wenyewe. Ikizidi haina pa kushikana, inabaki humo ndani na kukilainisha kipande. Mtu anayeuza kitu hiki kila siku hajui ni kipi kati ya viwili anachouza!

Halafu hizo chupa. Hadena ya poliesta ni maji meupe, ikiingia jichoni inaweza kupofusha, na ikichanganywa moja kwa moja na ile dawa ya kobalti ya kuharakisha inaweza kulipuka. Hadena za epoksi nyingi huunguza ngozi. Vitu hivyo vinatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, vinapakiwa kwenye basi la Mombasa mpaka Mokowe, vinashushwa kwenye boti pamoja na abiria, kina mama na watoto wenye kiu. Nyumbani kwangu chupa hizo nazifungia kabatini. Sijui wenzangu wanaziweka wapi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa maelezo yanayomwezesha kunufaika nayo. Siombi hisani. Nataka pesa yangu irudi, na nataka duka hilo liache kupunguzia resini kwenye chupa. Liuze kopo la kiwanda lenye muhuri, jina la aina, tarehe, na kipimo kilichoandikwa. Kama kopo zima ni ghali kwa fundi mmoja, tuuziwe pamoja, tutagawana wenyewe.

Kwa hilo la mwisho, mafundi wa Malindi, Watamu na Kilifi: kama kuna anayeagiza epoksi ya kumwagia kwenye makopo ya kiwanda, aseme hapa ni ya aina gani na inaganda kwa saa ngapi kwenye joto letu. Mimi niko tayari kuchangia nauli ya mzigo kuanzia wiki hii.