Mrejesho: nimeshapima mlango wa kizazi
Assalam alaykum. Mwezi uliopita niliuliza kama kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kinauma, na kama mtu asiyeumwa na kitu ana haja ya kwenda. Nina miaka 38, niko Wete.

Nimekwenda. Nilivyoogopa, hata chai ya asubuhi haikupita. Aliyenipima mwanamke, hilo nilimuulizia mapema, maana lilinitia uzito kuliko maumivu. Kifaa ni baridi, kinabana kidogo, kisha akapaka siki nyepesi (ndiyo, siki, mie nikacheka) akasubiri dakika moja. Pakigeuka peupe ndipo pana shaka. Kwangu kikaonekana kidoa.

Moyo ulinipasuka. Akanieleza hayo ni mabadiliko ya awali, si saratani yenyewe, yanaletwa na virusi vya HPV ambavyo wengi huvipata bila kujua. Nikatibiwa siku ile ile kwa kuunguzwa kidogo kwa joto. Tumbo lilikata kama la hedhi, baadaye majimaji. Tumekatazwa kukutana mwezi mzima; baba watoto kakubali bila neno, alhamdulillahi. Narudi kuangaliwa baada ya mwaka.

Aliyeniandikia "nenda tu shoga", Mungu akulipe.