Ndege za vita zinazookotwa jangwani na mabwawani: chuma kwanza au marehemu kwanza?

Wakuu, kila ikitokea picha ya ndege ya Vita Kuu ya Pili imekutwa mahali pasipofikika, jangwani, kwenye barafu au katikati ya bwawa, watu wanagawanyika palepale. Hawa wanataka itolewe haraka ikarabatiwe iruke tena, hawa wanasema iachwe hapohapo maana ni kaburi la mtu, na kuna wa tatu wanasema hayo ni machuma ya wazungu sisi yanatuhusu nini. Upande wangu nausema mapema ili anayetaka kupinga ajue pa kuanzia: zitolewe, ila aliyekuwa ndani atafutwe kwanza kabla hata bolti moja haijafunguliwa, na nchi iliyoitunza miaka yote hiyo ndiyo iwe na neno la mwisho inabaki wapi. Ikifanyika kinyume na hapo mimi nauita uporaji.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Misri. Tarehe 28 Juni 1942 rubani wa Kiingereza Dennis Copping, kijana wa miaka 24, alipewa kazi ndogo tu ya kupeleka ndege aina ya P-40 Kittyhawk kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine ikatengenezwe, akapoteza uelekeo na hakufika. Ikapita miaka 70 hakuna anayejua iko wapi, mpaka 2012 mfanyakazi mmoja wa mafuta, Mpoland, akaikuta kwenye Jangwa la Magharibi imekaa juu ya mchanga karibu nzima, propela imeng'oka, rangi imechunwa na upepo, lakini saa za kwenye dashibodi bado zipo na risasi bado zimo. Kwenye kiti hakukuwa na mtu. Pembeni kulikuwa na mabaki ya parachuti, redio na betri zimetolewa nje, yaani unaona kabisa huyu kijana alitua akiwa hai, akajitengenezea kivuli, akahangaika na redio ikagoma, kisha akaondoka kwa miguu kwenye jangwa ambalo kwa mwezi ule wa sita hata dereva mwenye gari na maji analiogopa.

Ukishayaona hayo, kazi ya kwanza ni ipi? Mimi najua ni kumtafuta yule mtu, kwa sababu amekufa peke yake na ana ndugu. Lakini nguvu ilienda wapi? Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza yakaingia mkataba na kampuni ya kutoa ndege, na malipo yenyewe yakawa ndege nyingine, Spitfire iliyotoka kwenye akiba ya makumbusho hayohayo. Kittyhawk ikang'olewa ikasafirishwa mpaka El Alamein, ikakaa kwenye kontena miaka, Uingereza haikufika, na ilipokuja kuwekwa hadharani ilikuwa imepakwa rangi mpya ambayo wajuzi wa ndege hizo waliilalamikia kwamba haifanani na ile ya awali. Kazi yote ya upepo na mchanga ya miaka 70, ambayo ndiyo ilikuwa ushahidi wa kilichompata Copping, imefunikwa. Copping mwenyewe? Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Alamein pamoja na wenzake wasio na kaburi. Kuna mifupa iliokotwa kilomita kadhaa kutoka pale, ukazuka ubishi kama ni yake au siyo, na hajazikwa. Kwa hiyo ndege imeharibiwa, Spitfire imeenda, na mtu hajapatikana, sasa nani hapo aliyefaidika?

Halafu angalia Libya ujue kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi. Kuna ndege ya Marekani aina ya B-24 iliyopewa jina la Lady Be Good, tarehe 4 Aprili 1943 ilitoka uwanja wa Soluch karibu na Benghazi kwenda kupiga Naples, usiku ikirudi ikapita juu ya uwanja wake bila kujua, ikaendelea kusini mafuta yakaisha, watu 9 wakaruka kwa parachuti wakidhani wako karibu na bahari. Walikuwa ndani ya Sahara mamia ya kilomita. Wachunguzi wa mafuta waliiona kutoka angani mwaka 1958, na jeshi la Marekani lilipofika 1959 halikukimbilia injini, lilianza kufuata nyayo za watu, viatu walivyopanga chini kuonyesha njia, vipande vya parachuti walivyokandamizia mawe. Ilipofika 1960 walikuwa wamepata miili 8, bado mmoja hajapatikana mpaka leo. Ikapatikana na shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, inayoonyesha waliishi siku nane wakitembea na maji kidogo sana ya kugawana kwa kifuniko, kwenye jua ambalo kila mtu alisema lingewamaliza kwa siku mbili. Watano kati yao walitembea karibu kilomita 130. Nikisoma habari zile nashindwa kumuelewa mtu anayeanza kuuliza bei ya propela.

Wenye msimamo wa iachwe hapohapo nawaheshimu, hoja yao imetoka moyoni, ila naomba wakubali jambo moja, ndege iliyoachwa haibaki imeachwa. Hiyo hiyo Lady Be Good baada ya jeshi kuondoka watu waliendelea kwenda kung'oa vitu vya ukumbusho mwaka hadi mwaka mpaka Walibya wenyewe wakaja kuyabeba mabaki 1994. Kittyhawk nayo ilianza kupungua vitu ndani ya wiki chache tu baada ya picha kusambaa. Uingereza wana sheria ya 1986 inayokataza mtu kugusa ndege ya kijeshi iliyoanguka bila leseni, na leseni haitoki kirahisi kama kuna uwezekano wa mwili au mabomu, sheria nzuri kabisa, lakini hiyo ni sehemu yenye polisi na majirani wa kupiga simu, nani atalinda kipande cha Sahara? Waholanzi nao 2019 walianza mpango wa serikali wa kufukua ndege zile ambazo kuna uwezekano wa kukuta wasiopatikana ndani. Ona mpangilio huo: orodha inaanza na watu waliopotea, ndege inafuata. Hicho ndicho ninachokiomba.

Sasa nije kwa hawa wa "yanatuhusu nini", maana hawa ndio wengi kwetu na ndio wananisumbua zaidi. Yanatuhusu sana. Babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipelekwa Burma (Myanmar ya leo), divisheni nzima ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope wakiwafukuza Wajapani, wengine hawakurudi. Januari 2013 dunia nzima ilielekeza kamera Burma hiyohiyo, kwenye uwanja wa zamani wa Mingaladon, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba Waingereza walifukia Spitfire nyingi kwenye makreti mwisho wa vita. Hela ikapatikana, wataalamu, mashine za kuchimba, waandishi wa habari. Hawakupata hata ndege moja. Sioni ubaya wa mtu kutafuta Spitfire, ninachouliza ni lini mliona kamera zile zikienda kutafuta askari wa kutoka Songea au Kitui au Gulu aliyebaki kwenye bonde lile?

Na hii si hisia yangu tu. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti yake ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba hesabu inaweza kufika hata 350,000. Kwenye hiyo hesabu wamo wapagazi wetu, wale ambao Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zinabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Kwa hiyo Mwafrika akisema mtu kwanza chuma baadaye, anayo haki ya kusema kuliko mtu mwingine yeyote, na kanuni hiyo tukiidai kwa Copping tunaidai pia kwa mpagazi aliyefia njiani kule Mahenge.

Upande wa umiliki ndiyo kuna vita yenyewe. Mfano mkubwa ni Papua New Guinea. Tarehe 23 Februari 1942 ndege ya Marekani B-17 ilitoka kupiga Rabaul iliyokuwa mikononi mwa Wajapani, mafuta yakaisha, rubani Fred Eaton akaishusha kwenye kile alichoona kama uwanda wa majani, kumbe ni bwawa la Agaiambo, ikatua taratibu na wote 9 wakatoka wazima, ila iliwachukua kama wiki sita kufika Port Moresby wakiwa na malaria. Ndege ikabaki pale majini na kwenye majani marefu, ikaonwa tena 1972, watu wakaipa jina la Swamp Ghost. Mwaka 2006 timu ya Mmarekani mmoja ikaifungua vipande ikaibeba kwa helikopta, ikafikishwa bandarini Lae. Hapo ndipo ikaanza kelele, kamati ya bunge la kule ikasema mauzo hayakuwa halali, ndege ikakwama Lae mpaka 2010, mwisho ikaondoka, na tangu 2013 iko Pearl Harbor, Hawaii.

Wanaotetea wanasema kule bwawani ingeoza na Hawaii inaonwa na watu wengi. Inawezekana. Ila kwa sheria za Papua New Guinea mabaki ya vita ni mali ya dola, kuna makumbusho ya taifa yenye jukumu hilo, na wanakijiji wa eneo lile ndio walioishi na ile ndege miaka zaidi ya 60. Watalii waliokuwa wakienda mpaka kule mkoa wa Oro kuiona walikuwa wanalala kwao, wanakula kwao, wanapanda mitumbwi yao. Watakwenda kuona nini sasa?

Na kuna hii hoja nyingine ambayo husemwa kwa sauti ya chini kidogo, kwamba nchi maskini hazina uwezo wa kutunza vitu vya namna hii. Mimi jibu langu linaelea Ziwa Tanganyika. Meli ya Graf von Götzen Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, mwaka ambao ndege za maji za Wabelgiji zilikuwa zinaangusha mabomu Kigoma. Kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito. Ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi 1927 kwa jina la Liemba, na tangu uhuru ni Watanzania walioiendesha Kigoma mpaka Mpulungu ikibeba watu, dagaa, nanasi na hata wakimbizi. Hakuna makumbusho ya Ulaya yaliyoishika mkono kila siku. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kifaa cha vita kikibaki Afrika lazima kife.

Kuhusu kukarabati kwenyewe nitasema kidogo tu maana hapo hata mafundi hawakubaliani. Kuna ndege mbili za aina moja, Halifax, zote zilitolewa kwenye maziwa ya Norway, moja 1973, nyingine 1995. Ya kwanza iko London imeachwa vilevile ilivyotoka majini, mbavu nje, kutu na mikunjo. Ya pili iko Trenton, Kanada, imejengwa upya ikang'aa. Mimi naipenda ile ya London, kwa sababu ukiiangalia unaona kilichotokea, hii nyingine unaona kazi ya mafundi wa leo. Kuzirusha tena ndiyo naogopa zaidi. Mwaka 1995 kule Greenland mafundi walijaribu kuruka na ndege ya Marekani B-29 iliyokuwa imekwama tangu 1947, ikashika moto ikiwa inatembea kwenye barafu ikaungua, kitu kilichodumu miaka 48 kikaisha siku moja, na fundi wao mmoja alikuwa ameshaugua akafariki kabla ya hapo. Wataniambia mbona ndege ya P-38 iitwayo Glacier Girl ilitolewa mita kama 80 chini ya barafu mwaka 1992 ikaruka 2002. Sawa, ile sina ugomvi nayo, marubani wote wa kundi lililotua nayo kwenye barafu waliokolewa tangu 1942, hapakuwa na maiti wala kijiji kinachodai.

Kwa hiyo anayesema mkusanyaji binafsi mwenye hela ndiye mkombozi wa ndege hizi, naomba ajibu mambo mawili bila kuzunguka. Mkataba wake unasema nini kuhusu mwili wa rubani usiopatikana, na nani anaulipia utafutaji huo? Na yule mwenye ardhi, anayejua njia ya kuingia bwawani na kutoka, anabaki na nini baada ya helikopta kuondoka?